Msomaji Mmoja wa Mchafukoge

Mchafukoge, Dar es Salaam
10 Machi 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama naye ana shikamoo yake, umfikishie nzima, usiikate njiani.

Jumapili kwenye simu uliniuliza kazi yangu mpya ni kazi gani hasa. Nikasema "msaidizi wa masomo ya mtandaoni," ukaniomba nirudie, nikarudia. Kisha ukasema, "Haya, tutaandikiana." Nikajua. Kwako simu ni ya kuulizana homa na mvua, na jambo lenye uzito linapanda basi. Basi na lipande.

Chuo chetu kina tawi huku Mchafukoge, ghorofa ya pili, juu ya duka la masufuria. Darasa la jioni lina watu sitini na wanne wanaosomea ununuzi na ugavi, na karibu wote ni watu wa Kariakoo: wauza vitenge, viatu, viungo, vipuri vya cherehani. Wanafunga biashara, wanapanda ngazi na vumbi lao, wanakaa kusoma. Chuo hakiwapi vitabu. Masomo yote yamewekwa kwenye tovuti ya chuo, sisi tunaiita mfumo. Mwanafunzi anaingia kwa namba yake ya usajili na nywila yake, anakuta mihadhara, maswali ya mazoezi na vitabu vya kusoma. Kazi yangu ni kuwaonyesha yalipo na namna ya kuyatumia. Nimepewa meza, kompyuta moja, na feni inayozunguka ikijisikia.

Mtu anakuja kwangu hajui anachokitafuta, anaondoka nacho. Wewe ulifanya hivyo miaka thelathini na moja, baba, nami nilikuwa nakaa chini ya meza yako nikikutazama. Usiniambie hii si kazi ya mkutubi.

Sasa balaa lenyewe. Mfumo unaandika kila anayeingia. Wiki iliyopita Mkuu wa Taaluma, Bwana Augustino, aliniita makao makuu Posta, akageuza kompyuta yake nione. Muhula mzima uliopita, katika watu sitini na wanne, aliyefungua masomo ni mmoja. Mmoja tu! Anaitwa Idrisa Abubakary, kiongozi wa darasa, muuza vitenge. Huyo amefungua kila somo, mengine mara tatu. Wenzake wote ni sifuri. Bwana Augustino akasema bila kuzunguka: ikifika tarehe 30 Juni kama nusu yao hawajaingia wenyewe, darasa la jioni litafungwa, na anayetaka kuendelea akasomee tawi la Kibaha, mchana. Mwenye biashara Kariakoo hawezi kwenda Kibaha mchana. Hapo ni kumfukuza mtu kwa adabu.

Nikamwambia, "Wataingia." Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Unanijua.

Mwanao,
Scholastika


Masasi
19 Machi 2025

Binti yangu Scholastika,

Marahaba. Mama yako Ritha ameipokea yake ikiwa nzima. Sisi hatujambo, mikorosho haijambo, na mbuzi wa jirani hajambo kupita kiasi, maana amekula miche yangu ya mipapai.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unaandika vizuri, hilo halina ubishi. Lakini hiyo kazi yako ya kompyuta bado inanishinda kuielewa. Mimi nilikabidhiwa maktaba ya chuo cha ualimu ikiwa na vitabu mia nne, nikaiacha nilipostaafu ikiwa na elfu sita. Ningeweza kukuonyesha kila kimoja nikiwa nimefumba macho. Wewe unasema una meza na feni. Mahali pasipo rafu sijui nipaite nini, na mtu anayekaa hapo sijui nimwite nani. Juzi Padre aliniuliza Scholastika anafanya kazi gani siku hizi, nikamjibu kwamba bado anajitafuta. Nakwambia mwenyewe usije ukaisikia kwa watu.

Pamoja na hayo, habari ya msomaji mmoja imeninyima raha. Nimewahi kuona jambo la namna hiyo. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja: kabla hujamgusa huyo Idrisa, muulize kitabu kinakwenda wapi kikitoka mkononi mwake. Usifanye lolote kabla hujamuuliza.

Mvua huku ni kubwa. Kondakta anasema barabara ina wasiwasi.

Baba yako,
Anselmi


Idrisa Abubakary,
Darasa la Jioni,
Mchafukoge.
8 Aprili 2025

Msaidizi wa Masomo ya Mtandaoni,
Tawi la Mchafukoge.

YAH: KUJIUZULU UONGOZI WA DARASA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 24 Machi ulisimama mbele ya darasa ukasema kuna mtu anawadekeza wenzake kwa kuwarushia madesa, yaani notsi zilizoandaliwa tayari, kwenye grupu la simu la darasa, na kwamba mtu huyo aache mara moja ili kila mwanafunzi aingie kwenye mfumo mwenyewe. Jina hukulitaja, lakini watu sitini na watatu waligeuka kunitazama. Na ulisema hayo mwezi mtukufu, watu wamefunga, midomo mikavu.

Nimeacha. Ijumaa baada ya Idi tumefanya jaribio. Majibu unayo wewe mezani, sina haja ya kuyataja.

Ungeniuliza ningekueleza. Mimi sirushi madesa tu. Kila siku saa moja asubuhi, wateja hawajajaa, nafungua somo dukani kwangu na kulisoma kwa sauti kwenye simu. Nasoma Kiingereza chao, kisha naeleza kwa Kiswahili chetu na mifano ya sokoni, halafu naituma hiyo sauti kwenye grupu. Zamzam anasikiliza huku anapima iliki na mdalasini. Beno anasikiliza huku anashusha mabelo ya mitumba. Mikono ya mtu wa Kariakoo ina kazi, dada, lakini masikio yako huru.

Kuhusu nywila: wengi walipewa siku ya kujiunga, wakabadilisha simu, wakasahau. Waliokuja kwako uliwauliza, "Umesahau tena?" Mtu mzima mwenye duka na wajukuu akiulizwa hivyo mbele ya watu, harudi. Anakuja kwangu.

Mimi sikumdekeza mtu. Nilikuwa maktaba yao. Nilijivunia jambo hilo na bado najivunia, ila uongozi nautua.

Naomba kuwasilisha.

Idrisa Abubakary
Aliyekuwa Kiongozi wa Darasa


Mchafukoge, Dar es Salaam
15 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo.

Barua yako ya tarehe 19 Machi imenifikia leo, wino umetota. Barabara ilikatika kwa mvua, mzigo ukalala njiani karibu wiki nne. Nimeisoma nikiwa nimesimama pale pale kwenye ofisi ya basi, na nilipofika pale penye "usifanye lolote kabla hujamuuliza," nilikaa kwenye gunia la mtu.

Maana nilikuwa nimeshafanya. Nilimnyamazisha Idrisa mbele ya darasa. Nilidhani nikiufunga mfereji wake watu watakuja kisimani wenyewe. Baba, hawakuja. Wiki mbili nilikaa na kompyuta yangu nikiwasubiri, wakaja wanane. Kisha jaribio likafanyika. Muhula uliopita, bila mtu hata mmoja kuonekana kwenye mfumo isipokuwa Idrisa, walifaulu hamsini na wawili. Safari hii wamefaulu tisa.

Idrisa ameniandikia barua rasmi, ya "husika na kichwa cha habari," na kila mstari wake umenichoma kwa sababu ni kweli. Alikuwa anawasomea. Anawaelezea kwa Kiswahili. Hesabu yangu ilikuwa inasema msomaji mmoja kumbe wako sitini na wanne, na mimi nilitaka hesabu ipendeze, nikawanyima somo. Zamzam, mama wa makamo anayeuza viungo, jana alinipita kwenye ngazi, akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, sisi tulikuwa tunasoma." Afadhali angenitukana.

Na hilo la kwamba najitafuta limeniuma. Nalisema kwa sababu wewe ulilisema waziwazi. Nilitaka sana kukuandikia siku moja kwamba umekosea. Leo sina la kukuonyesha.

Ulisema umewahi kuona jambo la namna hii. Uliliona wapi? Niambie, kwa sababu zimebaki wiki kumi na sijui pa kuanzia.

Scholastika


Masasi
27 Aprili 2025

Mwanangu Scholastika,

Marahaba.

Nitakueleza, na barua hii usimsimulie mama yako.

Mwaka 1984 maktaba yangu ilikuwa na kitabu kimoja cha saikolojia ya elimu, nakala moja kwa chuo kizima. Kila wiki aliyekiazima ni mwanachuo mmoja tu, Kasmir. Kadi ya kile kitabu ilijaa jina lake kutoka juu mpaka chini. Mkaguzi wa wizara akaiona, akaniambia kitabu chenye msomaji mmoja kihamishiwe kwingine. Niliona aibu. Jioni ile nikamfuata Kasmir nijue anakifanyia nini, nikamkuta bwaloni amesimama juu ya benchi, anakisoma kwa sauti, na wenzake arobaini wameketi kimya wanaandika.

Ungedhani nilifurahi. Hapana. Sheria yangu ilisema aliyeazima asimpe mwingine, nami nilikuwa kijana ninayependa sana sheria zangu. Nilikinyakua kile kitabu mbele ya watu wote, nikamfungia Kasmir asiazime tena muhula ule. Kitabu kikabaki rafuni kisafi. Mtihani wa mwisho ulipokuja, kumi na mmoja walianguka somo lile wakatoka chuoni bila cheti. Mmoja wao alikuwa Ritha, mama yako.

Mwaka uliofuata nikamposa. Kwa miaka arobaini nimemwona akiwafundisha watoto wa jirani barazani, akiwasahihishia madaftari, na hakuna aliyemwita mwalimu. Sijawahi kumwambia ni nani aliyemfungia mlango wa ualimu. Nilijisemea nitamwambia kesho, na kesho zimekuwa nyingi.

Baada ya mtihani ule nilibandika karatasi nyuma ya kila kitabu: yeyote aliyekisoma au kusomewa aandike jina. Mkaguzi aliporudi alikuta kitabu kimoja kina majina arobaini na moja, akakirudisha rafuni kwa mkono wake. Nilichojifunza kwa gharama ya watu wengine ni hiki: msomaji unamhesabu pale anaposomea, humhamishi akasomee pale unapohesabia. Sauti ya huyo Idrisa ndicho kitabu chenu. Nenda kaitafutie rafu.

Na uache meza. Mimi nilikaa kwenye meza nikingoja watu, ndiyo maana nilichelewa kufika bwaloni.

Kondakta atakukabidhi boksi. Ni kadi zangu za katalogi, mia moja, tupu, nilizihifadhi nilipostaafu. Sikujua nilikuwa nazihifadhia nini. Mama yako ameongeza karanga.

Baba yako,
Anselmi


Mchafukoge
5 Mei 2025

Kaka Idrisa,

Asalaam aleikum. Barua yako sikuipeleka kwa mtu yeyote, kwa hiyo kwangu wewe bado ni kiongozi wa darasa.

Nilikosea. Sikukuuliza, nikakuhukumu, na tena mbele ya watu. Walioanguka jaribio waliangushwa na mimi. Nisamehe.

Sasa nisikilize, kisha ukatae ukitaka. Sitaki uache kusoma. Nataka usome zaidi, ila sauti yako iache kupita uchochoroni kwenye grupu. Nimezungumza na mhadhiri, amesikiliza zile za muhula uliopita, akacheka kwa mfano wako wa mzigo wa vitenge uliopelekwa Mbeya badala ya Mbagala, na ameridhia. Kila somo kwenye mfumo litakuwa na sauti yako chini yake, na jina lako: "Imesomwa na kuelezwa na Idrisa Abubakary." Nimelipunguza faili liwe dogo, halimalizi bando. Mwanafunzi anaingia kwa namba yake, anabonyeza mara moja, anatia simu mfukoni, anaendelea na kazi yake. Anakusikia kama zamani. Tofauti ni kwamba sasa na yeye anaonekana.

Kuhusu nywila, sitamngoja mtu mezani tena. Kuanzia Jumatatu tarehe 12, saa moja asubuhi, nitakuja sokoni mwenyewe, meza kwa meza, duka kwa duka. Kila mtu nitampa kadi yenye jina lake, namba yake ya usajili na hatua nne za kuingia, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa. Nywila tutaitengeneza hapo hapo na itakaa kichwani mwake, haiandikwi kwenye kadi. Akisahau mara kumi nitakuja mara kumi, na sitauliza "tena."

Lakini bila wewe hawatanifungulia hata salamu. Naomba tutembee pamoja.

Scholastika


Idrisa Abubakary,
Darasa la Jioni,
Mchafukoge.
7 Mei 2025

Msaidizi wa Masomo ya Mtandaoni,
Tawi la Mchafukoge.

YAH: KUBATILISHA BARUA YANGU YA TAREHE 8 APRILI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Waaleikum salaam. Barua yako nimeipokea, nimeisoma, na mke wangu Maimuna ameisoma. Yeye ndiye aliyesema nijibu haraka kabla sijaanza kujisikia.

Nakubali, kwa masharti. Kwanza, ulinisema mbele ya watu, unisafishe mbele ya watu, darasa likiwa limejaa, usichague siku ya mvua. Pili, zile sauti za zamani usizitumie. Nilikuwa nasoma ovyo, kuna mahali nimepiga chafya, na kuna mahali nimegombana na mteja aliyetaka kitenge kwa bei ya leso. Kama jina langu linakaa pale, nazirudia zote upya. Tatu, Zamzam aanze kupewa kadi. Akishaingia yeye, mstari mzima wa viungo utaingia, maana hakuna atakayekubali kupitwa na Zamzam.

Nne si sharti, ni ombi. Kiingereza changu nilikiokota kwa wateja. Nikikosea neno unisahihishe pembeni.

Jumatatu saa moja kamili nitakuwa mbele ya duka la masufuria. Usichelewe, Kariakoo haimsubiri mtu.

Naomba kuwasilisha.

Idrisa Abubakary
Kiongozi wa Darasa


Mchafukoge, Dar es Salaam
2 Julai 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo! Mama shikamoo!

Nimekaa miezi miwili bila kukuandikia na najua ulinuna. Nilikuwa sokoni, baba. Wiki saba, kila asubuhi, mimi na Idrisa na boksi lako la kadi. Soli ya kiatu imetoka, fundi ameshona mara mbili.

Mwanzo walinitazama kama afisa wa kodi. Idrisa akawa anatangulia, "Huyu ni wetu, ameshaomba radhi." Na kweli niliomba, darasa limejaa mpaka kwenye ngazi, nikataja jina lake na kosa langu. Walipiga makofi, ila kwa ajili yake, na ilistahili. Zamzam akawa wa kwanza kuingia. Siku ya kwanza alisahau nywila yake kabla sijafika mtaa wa pili. Siku ya tatu alisahau tena. Siku ya tano aliingia peke yake, akaninyooshea simu hewani kutoka upande wa pili wa barabara, na akaitoboa ile kadi, akaitia uzi, akaifunga kwenye mizani yake. Kesho yake mstari mzima wa viungo ulikuwa na kadi zinaning'inia. Karatasi zako za katalogi, baba, katikati ya bizari.

Tarehe 30 Bwana Augustino alikuja bila taarifa. Asubuhi, na suti. Akasema, "Nionyeshe kwenye kompyuta." Nikasema, "Mkuu, kompyuta utaikuta. Kwanza tushuke." Nikamwingiza sokoni saa moja na nusu. Hakuelewa anachoonyeshwa mpaka tulipopita duka la tatu. Sauti ya somo la sita ilikuwa imewekwa alfajiri ile. Kwa Zamzam sauti ya Idrisa inaeleza namna ya kumchagua msambazaji. Kwa muuza viatu ni Idrisa huyo huyo, somo limefika mbele kidogo. Beno amebeba belo kichwani, mfukoni mwake Idrisa anaongea. Bwana Augustino akamuuliza Beno, nadhani ili amtege, "Msambazaji bora ni yule wa bei ya chini, sivyo?" Beno hakutua hata mzigo. Akasema, "Mzee, wa bei ya chini akichelewesha siku tatu amekula faida yako yote. Somo la sita. Naomba njia."

Tulipanda juu ndipo akaangalia kompyuta. Sitini na mmoja wameingia wenyewe. Wawili waliacha chuo, mmoja amejifungua juzi na ameahidi kuingia arobaini ikiisha. Jaribio la pili wamefaulu hamsini na saba. Darasa la jioni halifungwi, barua ya uamuzi ninayo, ina muhuri. Na sauti za Idrisa zinaombwa na matawi mengine mawili. Idrisa amejikatia tai ya kitenge, anaivaa dukani.

Najivuna, baba. Sitajifanya sijivuni. Uliniambia niitafutie sauti ile rafu, nikaitafutia, na sasa nina rafu sitini na moja zinazotembea mjini.

Nimeambatisha somo la kwanza kwa maandishi, kwa Kiswahili cha Idrisa, na nyuma nimebandika karatasi ya majina kama ulivyofanya wewe. Pia niliomba masomo yote sita yafunguliwe kwa wageni, nikakubaliwa, kwa hiyo mama akiazima simu ya jirani anaweza kusikiliza; hatua ziko kwenye kadi iliyomo ndani.

Lile la Kasmir nimelihifadhi kama ulivyotaka. Lakini mimi nilipoomba radhi nililala usingizi wa kwanza mzuri tangu Machi. Nakuachia hapo.

Mwanao,
Scholastika


Masasi
14 Julai 2025

Kabla hujaendelea, rudi uitazame bahasha. Natumaini hujaitupa.

Miaka yote nimekuandikia "Binti Scholastika Anselmi." Safari hii nimeandika "Mkutubi Scholastika Anselmi, Mchafukoge." Kalamu haikusita. Niliiandika pale pale dukani nilipoinunua, muuzaji akaniuliza mkutubi ni nani, nikamweleza mpaka watu nyuma yangu wakaanza kukohoa.

Jumapili baada ya misa nilimfuata Padre. Nikamwambia, "Padre, Machi nilikudanganya. Nilisema mwanangu anajitafuta. Mwanangu ni mkutubi." Akauliza maktaba yake iko wapi, nikamjibu, Kariakoo yote. Akacheka, akadhani natania. Basi nikamsimulia habari ya Beno na belo, nikairudia kwa katekista, nikairudia kwa wazee wa kwaya. Mama yako amenikataza kuisimulia tena wiki hii.

Karatasi ya majina nakurudishia. Somo limesomwa na watu kumi na saba wa mtaa huu, wengine wameandika kwa shida lakini wameandika wenyewe. Jina langu ni la kumi na sita. Huyo Idrisa anasoma vizuri, ila somo la nne amekwenda mbio. Mwambie pembeni.

Ulichoniachia nimekichukua. Jana nilimwambia mama yako habari yote, barazani, mchana kweupe. Atakuandikia mwenyewe hapa chini. Sijui ataandika nini, amenifukuza nisichungulie.

Baba yako anayejivuna,
Anselmi


Schola mwanangu,

Marahaba zako zote.

Barua za baba yako mimi ndiye ninayezipeleka stendi, na zako mimi ndiye ninayezipokea. Gundi ya bahasha haijawahi kunishinda.

Habari ya kile kitabu niliijua tangu siku ile ile ya mwaka 1984. Nilikuwa bwaloni, nilimwona akikinyakua, na nilikuwa nimekaa benchi la mbele. Yeye alikuwa na hasira hata hakutazama nyuso za watu. Alipokuja kuposa, Kasmir aliniuliza kama nimerukwa na akili. Nikamwambia, nenda maktaba ukatazame nyuma ya vitabu. Mwanamume aliyebandika karatasi elfu moja kwa mkono wake alikuwa ameshaomba radhi, ila hakujua anamwomba nani. Nikaona nimngoje aseme kwa mdomo. Sikujua ni mvivu wa kiasi hiki! Jana amesema. Amelia sana, nami nimelia kidogo, kisha tumekula mihogo.

Jina la kumi na saba ni langu. Masomo yote sita nimeyasikiliza nikimenya karanga, na maswali ya mazoezi nimeyafanya. Nimekosa mawili, na la pili nadhani amekosea aliyelitunga.

Sasa kazi moja kwako, Mkutubi. Muulize Bwana Augustino kama darasa la jioni linampokea mtu wa miaka sitini na mmoja anayekaa Masasi. Cheti cha kidato cha nne ninacho, sikukipoteza. Akikubali, nitumie namba ya usajili kwa barua, ije na kadi yangu.

Nywila usinitengenezee. Ninayo tayari, iko kichwani.

Mama yako,
Ritha